Usukani wa Motokaa Iliyoinuliwa



Huko Marekani, wenye motokaa za Jeep Wrangler hupenda kuziinua kwa springi ndefu na kuzitia matairi makubwa, zipate kupita juu ya mawe. Twataka kueleza kwa nini kuinua pasipo kuimarisha usukani ni hatari.

Bodi hupanda, ekseli husalia chini. Basi fimbo ishukayo kutoka boksi la usukani huinama mno, na gurudumu likiingia shimoni, motokaa hugeuka bila amri ya dereva. Fimbo hiyo, na ile izuiayo ekseli isiende kando, yapasa zilale sambamba.

Tena kila gurudumu la mbele hushikwa na boli jointi mbili, ya juu na ya chini: viungo vyenye kichwa cha mviringo kichezacho ndani ya kikombe. Matairi mazito huvilemea hata vikalegea.

Kwa hiyo, kabla ya safari na tuinue gurudumu kwa jeki, tulishike juu na chini, tulitikise. Likilegea, fundi achunguze. Ikiwa ni boli jointi, atie zilizo imara zaidi.

Tahadhari kabla ya hatari.