Gari Lililokaa Bila Kuwashwa: Tuifuate Petroli Kutoka Kwenye Tanki

(Maneno haya tuliyatoa kwenye semina ya siku moja ya vikundi vya maendeleo. Tumeyaandika kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya gari la kikundi ambalo limekaa muda mrefu bila kuwashwa na sasa linakataa kuwaka. Wengine mtajiuliza, hawa watu wa ofisi ya maendeleo wametoka lini kwenye vitabu vya hesabu wakaingia chini ya boneti? Ni swali la haki. Sisi si mafundi. Tulijifunza kwa sababu kikundi kimoja tunachokitembelea kilikaribia kuvunjika kwa ajili ya pikapu, na sisi wenyewe tulikuwa tumewapa ushauri mbaya.

Kikundi hicho kilichanga kwa miaka minne kikanunua pikapu kuukuu ya kupeleka viazi na mboga sokoni. Mwaka 2020, masoko yalipofungwa kwa ajili ya korona, gari likaegeshwa chini ya mwembe, tanki likiwa nusu. Likakaa hapo miezi 14. Siku ya kuliwasha waliazima betri yenye nguvu, stata ikazunguka vizuri, lakini injini haikushika. Fundi wa kwanza akasema ni plagi. Zikanunuliwa. Wa pili akasema ni koili. Ikanunuliwa. Wa tatu akasema kabureta imekufa, ikaletwa nyingine iliyotumika kwa shilingi 9,000. Sisi tulipoulizwa tulijibu, "Msikilizeni fundi." Hesabu ikafika shilingi 17,500, na gari kimya.

Hapo maneno yakaanza. Ikasemwa kwamba dereva aliuza pampu nzuri akaweka mbovu. Kijana yule akaweka ufunguo mezani mbele ya mkutano, akaenda zake. Wiki iliyofuata akaja dalali na shilingi 35,000 mkononi kulichukua gari kama chuma chakavu, na wanachama wengi walikuwa tayari kutia sahihi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa hapo kijijini aliyeendesha malori zamani. Alikuja na chupa ya jemu, kipande cha mpira na jerikeni ndogo ya petroli safi. Aliuliza swali moja tu: "Petroli inafika wapi?" Tukatazamana. Shilingi 17,500 zimekwisha, na hakuna hata mmoja aliyejua petroli inafika wapi!

Basi hebu tuifuate njia yake. Katika magari ya zamani ya kabureta, kama Peugeot 504 au Datsun 1200, petroli hutoka kwenye tanki, hupita kwenye bomba chini ya gari, huingia kwenye filta, kisha pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini huivuta na kuisukuma mpaka kabureta. Kumbukeni vizuri: kabla ya pampu petroli inavutwa, baada ya pampu inasukumwa. Utaona baadaye kwa nini tunalikazia hilo.

Gari likikaa, nini huharibika? Petroli yenyewe huchacha. Ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka huruka hewani, inabaki nzito yenye harufu kama rangi ya zamani, na mwishowe hugeuka utomvu unaoziba matundu madogo ya kabureta. Tanki lililo nusu huvuta unyevu, maji hukusanyika chini, na kutu huanza. Mipira hukauka ikapasuka. Hata nyigu wana lao: hujenga kwa udongo ndani ya kitundu kinachopitisha hewa ya tanki. Kitundu hicho kikizibwa, gari huwaka, likaenda mwendo mfupi, likazima. Ukifungua kifuniko cha tanki na kusikia hewa ikivutwa kwa nguvu, umempata mwizi wako.

Kabla hatujagusa kitu, mambo ya moto. Kazi hii ifanyiwe nje, bila sigara, bila jiko karibu, watoto wawe mbali, na ndoo ya mchanga iwe tayari. Na tafadhali sana, petroli isivutwe kwa mdomo. Tunajua wengi wenu mmefanya hivyo miaka yote. Tone likiingia kwenye mapafu ni hospitali, na wengine hawarudi.

Mzee yule alianza na tanki. Alichota petroli kidogo kutoka chini kabisa, akaitia kwenye chupa ya jemu, akaiacha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini na mstari huonekana wazi. Yetu ilikuwa na maji unene wa kidole, na vumbi jekundu la kutu. Akasema tanki limwagwe lote na lisafishwe. Petroli hiyo mbovu isimwagwe mtoni, wala shambani, wala chooni. Pelekeni kwenye gereji inayokusanya mafuta machafu.

Pili, moto wa plagi. Hilo lilikuwa limepimwa kabla ya petroli kufunguliwa: plagi moja inatolewa, inarudishwa kwenye waya wake, inaguswa kwenye chuma cha injini, na mwenzako anapiga stata. Cheche zilionekana. Kisha akamimina vijiko viwili vya chai vya petroli safi kwenye koo la kabureta, akafunga jerikeni na kuiweka mbali, akarudisha kifuniko cha hewa, ndipo akaruhusu stata. Injini ikanguruma sekunde chache, ikazima. Kina mama wakapiga vigelegele! Mzee akatikisa kichwa, akasema hiyo si kuwaka, hilo ni jibu. Moto upo, injini ni nzima. Kinachokosekana ni petroli kufika.

Hapo akatoa waya wa koili ili cheche zisitoke. Akachomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, akautia ndani ya chupa, akasema stata ipigwe. Pampu nzima ingetupa petroli kwa mapigo, pwii, pwii. Kama ingefanya hivyo, tungejua kosa liko ndani ya kabureta, pengine sindano ya boya imegandishwa na utomvu. Chupa ilibaki kavu. Kwa hiyo kabureta ya shilingi 9,000 ilikuwa haina kosa, na ile ya kwanza pia.

Watu wakaanza kusema, "Si tulisema pampu!" Mzee hakujibu. Alichomoa mpira wa upande wa pili, ule wa kuvuta, akafunga kipande chake cha mpira mahali pake na kukitumbukiza kwenye jerikeni ya petroli safi. Stata ikapigwa tena. Baada ya muda kidogo chupa ikaanza kujaa, pwii, pwii. Pampu ilikuwa nzima. Palikuwa kimya sana. Kila mtu alikuwa anamfikiria yule kijana.

Kosa basi lilikuwa nyuma ya pampu. Filta ilipofunguliwa ilikuwa imejaa matope ya kutu. Bomba likafunguliwa ncha zote mbili na kupulizwa kwa pampu ya baiskeli kuelekea kwenye tanki. Lilipitisha hewa. Lakini karibu na tanki palikuwa na kipande cha mpira kilichopasuka upande wa juu. Sasa ndiyo sababu tulisema kumbukeni kuvutwa na kusukumwa. Mpasuko baada ya pampu humwaga petroli, na kila mtu huuona. Mpasuko kabla ya pampu mara nyingi haumwagi chochote. Pampu huvuta hewa badala ya petroli. Mafundi watatu walipita hapo wasione tone.

Mpira mpya na filta vilikuwa shilingi 650.

Kama pampu ingekataa hata na jerikeni, basi ngozi yake ya ndani, ambayo mafundi huiita diaframu, ndiyo ingekuwa imekauka au kupasuka. Hapo chomoeni kijiti cha kupimia oili mnuse. Kikinuka petroli, au oili imepanda kupita alama, petroli imeshuka ndani ya injini. Msiliwashe gari kabla ya kubadilisha oili, mtaua injini.

Walio na magari ya siku hizi yasiyo na kabureta, pampu yenu ni ya umeme na kwa kawaida iko ndani ya tanki. Washeni ufunguo bila kupiga stata, mmoja asikilize karibu na tanki. Panapaswa kusikika mvumo wa sekunde mbili au tatu. Pakiwa kimya, anzieni kwenye fyuzi. Mabomba ya gari hilo msiyafungue wenyewe, petroli iko chini ya nguvu na huruka. Na wenye dizeli, adui wenu mkubwa ni hewa kwenye mabomba. Mwiteni fundi aitoe kwa pampu ya mkono, na mtazame anavyofanya.

Mmetuuliza kuhusu yule kijana. Mkutano ulituma wazee watatu nyumbani kwao kumwomba radhi. Siku hiyo hakukubali. Alirudi baada ya wiki mbili, akaomba kwanza iandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu kwamba pampu ilikutwa nzima. Katibu akaandika, tukatia sahihi, na sisi wa ofisi pia.

Sasa tutoke nje. Pikapu iko hapo kwenye kivuli, mzee ameileta chupa yake, na tumeomba mtu alegeze mpira mmoja bila kutuambia ni upi. Kina mama watangulie mbele, maana mara nyingi wanaume huzunguka boneti na wengine hawaoni kitu.