Daftari la shule linasema nini?

Katika kipindi chetu cha elimu leo tunazungumza na wazazi, walimu na madirekta wa shule za msingi za Butembo, Beni, Oicha, Lubero na vijiji vyote vya jirani. Watoto wangapi wameandikishwa shuleni kwenu, na wangapi wanabanana katika darasa moja?

Katiba ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure. Kwa miaka mingi haikuwa hivyo. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliowabeba walimu kwa pesa za motisha, na mtoto asiyelipiwa alirudishwa nyumbani. Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya bure, watoto wakaja kwa wingi. Hilo ni jambo jema, tulitetee. Lakini vyumba na madawati havikuongezeka kwa kasi ya watoto, na walimu wengi wapya, wale wanaoitwa NU (nouvelles unités), waliendelea kufundisha bila mshahara wa serikali.

Huku kwetu kulikuwa na mizigo mingine. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Kati ya hapo, Machi 2020, shule za nchi nzima zilifungwa kwa sababu ya korona. Na tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yanazing'oa familia vijijini. Kijiji kikikimbia, shule yake inabaki tupu, na shule ya mjini inapokea watoto ambao haikuwatarajia. Kwa hiyo idadi ikipanda au ikishuka, tuulize kwanza sababu yake.

Sasa chukueni kalamu, tufanye hesabu ya mfano. Shule ina madarasa sita. La kwanza lina watoto 110, la pili 80, la tatu 60, la nne 45, la tano 35, la sita 30. Jumla ni 360. Ukigawanya kwa sita, unapata wastani wa 60. Kiwango kinachotakiwa nchini ni watoto wasiozidi 55 kwa darasa, basi mtu atasema shule hii imezidi kidogo tu. Sivyo! Darasa la kwanza limebeba mara mbili ya kiwango, na watoto 190, zaidi ya nusu ya shule, wanasoma katika madarasa ya 80 au 110. Katika somo la dakika 30, mwalimu mwenye watoto 110 akitaka kumwangalia kila mmoja, ana sekunde 16 tu kwa kila mtoto. Na katika darasa hilo la kwanza ndipo mtoto anapojifunza kusoma herufi za kwanza.

Je, tuseme watoto 80 wameacha shule kati ya darasa la kwanza na la sita? Tusiharakishe. Wale 30 wa darasa la sita hawakuanza pamoja na wale 110. Aliyeanza Septemba 2019 bila kurudia darasa aliingia la sita mwaka wa shule 2024-2025. Fuateni kundi hilohilo mwaka kwa mwaka: nani amerudia, nani amehama, nani ameacha. Wavulana wahesabiwe peke yao, na wasichana peke yao. Tena linganisheni walioandikwa Septemba na wanaoitikia jina darasani mwisho wa muhula.

Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na wao wanajua kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Watoto ni zaidi ya mali.

Wazazi wenzangu, mkutano ujao wa kamati ya wazazi utakapoitishwa, ulizeni maswali matatu. Kila darasa lina watoto wangapi, si wastani wa shule? Waliotoweka katika daftari wako wapi? Na walimu wangapi hapa hawalipwi? Darasa likizidi sana, shule inaweza kuligawa, au kupanga zamu ya asubuhi na ya mchana, lakini zamu ya pili inahitaji mwalimu wa pili, na mwalimu huyo anastahili mshahara. Nanyi madirekta, pelekeni hesabu za kweli kwa wakaguzi na kwa ofisi za elimu. Msizidishe, msipunguze, kwa maana mtoto asiyehesabiwa hapangiwi dawati wala mwalimu.

Mfunze mwanao, na umfuatilie mpaka amalize darasa la sita.