KUKAZA NATI SI KUPONYA BREKI
(Hotuba kwa wenye pikipiki wa Amani, Unguja)



Leo twapenda kusema nanyi habari ya breki za pikipiki, maana pale Amani kila asubuhi hukutana magari, baiskeli, watoto wa shule na watu waendao sokoni, na pikipiki hupenya katikati yao wote. Mwenye kwenda mwendo wa kilomita 60 kwa saa hupita kadiri ya mita 17 kwa sekunde moja. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nafasi inayotakiwa na breki kusimamisha chombo huzidi mara nne. Basi breki si jambo la kubahatisha.

Breki ni za namna mbili. Katika breki ya diski, pedi mbili hubana sahani ya chuma. Katika breki ya dramu, viatu viwili hutanuka na kusugua ndani ya gurudumu. Pedi na viatu vimevikwa kitu kilichofanywa makusudi kilike, ili chuma kisilike. Kwa hiyo kulika kwake si ubovu, bali ndiyo kazi yake. Ubovu ni kukiacha kikaisha, chuma kikakwangua chuma, na sahani ya thamani kubwa ikaharibika kwa ajili ya pedi ya thamani ndogo. Wahenga walisema: Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Sasa twaja kwenye neno letu lenyewe. Viatu vya dramu vikipungua, pedeli hushuka chini. Wengi hukaza nati ya nyuma, pedeli ikapanda, wakadhani wamepona. Kukaza kwafaa maadamu viatu vina unene. Lakini hakuongezi unene. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kando ya mkono wa breki gurudumuni. Kanyaga breki kabisa, utazame: mshale ukifika kwenye alama iliyochongwa, viatu vimekwisha. Mwenye kuendelea kukaza baada ya hapo aweza kuona gurudumu limekwama njiani.

Na diski ina mambo kama hayo. Pedi zikilika, mafuta ya breki hushuka katika chombo chake. Mwenye kuongeza tu mafuta amefunika ishara, hakuondoa kisa. Chungulia kwanza pedi: ikiwa kitambaa chake kimebaki kadiri ya milimita 2, badili. Na kama mafuta yashuka na pedi bado nene, tafuta mahali yanapovuja. Sisi watu wa pwani tuna adui mwingine, chumvi na mchanga, ambavyo hukwamisha pini za kushikia pedi, hata moja ikaisha kabla ya mwenzake. Pini zisafishwe kila pedi zinapotolewa.

Wakati wa kubadili, badilini pedi zote mbili pamoja, au viatu vyote viwili. Msipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pampu. Lifuteni kwa kitambaa chenye maji, kwani pedi za namna fulani zilitiwa asbesto, nayo huleta saratani. Grisi wala oili isiguse mahali pa kusugulia. Na fundi akimaliza, mkono wa breki ubanwe mara nyingi hata uwe mgumu, kabla ya pikipiki kuondoka. Asiyefanya hivyo hukuta breki haishiki katika safari ya kwanza kabisa. Siku za mwanzo mwende polepole, mpaka pedi mpya zizoeane na sahani.

Mwisho, twawakumbusha jambo moja. Dereva husikia mkwaruzo, huona pedeli ikishuka, na mkono wake huijua breki. Abiria aliyekaa nyuma, pengine mama na mtoto wake waendao hospitali, hajui lolote katika hayo. Amepanda kwa kuamini tu. Basi kabla ya kumpakia mtu, tazameni mshale, tazameni pedi, tazameni mafuta. Kazi hiyo haizidi dakika chache, wala haina gharama. Na ikiwa ishara yasema zimekwisha, nendeni kwa fundi siku hiyo hiyo, msingoje mpaka mvua za masika ziteleze barabara.