Kuuandaa Uwanja wa Nyumba kwa Nyasi Kabla ya Masika

(Mazungumzo kwa wakazi wa kata)



Mwezi Machi unapokaribia, macho ya kila mkulima huelekea shambani. Hiyo ni desturi njema. Lakini kipo kipande kingine cha ardhi ambacho mvua za masika hazikisahau, hata kama mwenyewe amekisahau, nacho ni uwanja wa nyumba yake.

Uwanja uliofagiwa ni heshima ya nyumba. Mama huamka alfajiri, akashika ufagio wa chelewa, na kabla jua halijapanda hapaonekani hata jani moja. Desturi hiyo haistahili kubezwa. Hata hivyo, ufagio haubebi majani peke yake, bali huondoa pia udongo laini wa juu, kisha mvua huja kumalizia kazi. Miaka inapita, na msingi uliokuwa umezikwa ardhini unaanza kuonekana, mawe yake yakiwa wazi. Nyumba iliyojengwa kwa akiba ya miaka mingi hubaki imening'inia pembeni. Udongo ule nao haupotei, bali huingia katika uwanja wa jirani wa chini na katika mtaro wa barabara. Mtaro uliozibuliwa Februari huweza kuwa umejaa tena kabla ya Mei.

Nguvu ya maji hayo huonekana wazi katika hesabu. Paa la bati lenye eneo la mita 60 za mraba, likinyeshewa mvua ya milimita 20, humwaga lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20, zote zikianguka katika mstari mwembamba kando ya ukuta. Penye udongo mtupu, mstari huo hugeuka kuwa handaki. Penye nyasi, majani huvunja nguvu ya matone, na mizizi huushika udongo usiondoke.

Hakuna anayelazimika kuacha kufagia. Sehemu ya jikoni, njia ya kuingilia na mahali pa kuanikia nafaka vyaweza kubaki vitupu. Nyasi zipewe mteremko, pembezoni mwa ukuta na njia yanakopita maji.

Kazi ya kwanza ni kusawazisha. Ardhi iinamie mbali na nyumba, walau sentimita 2 kwa kila mita moja. Vishimo vifukiwe, kwani maji yakituama juma moja au mawili, mbu hupata muda wa kutosha kukua kutoka yai hadi kuruka. Baada ya hapo udongo utifuliwe kwa jembe hadi kina cha sentimita 15, magugu yang'olewe pamoja na mizizi, na samadi iliyooza vizuri ichanganywe humo. Samadi mbichi isitumike, kwa kuwa huunguza miche na kuleta nzi.

Kazi ya pili ni kuchagua nyasi. Mahali penye jua la kutosha, ukoka hufaa zaidi, maana hutambaa haraka na huvumilia kukanyagwa na watoto. Chini ya miembe na penye kivuli, nyasi za Pemba zenye majani mapana hustawi vizuri kuliko ukoka. Yote mawili hupandwa kwa vipande, na kwa kawaida jirani mwenye nyasi hizo hatakataa kugawa. Kila kipande kiwe na pingili mbili au tatu, kifukiwe ncha ikibaki nje, na kiachane na kingine kwa sentimita 15 hivi. Vipande vipandwe siku ileile. Vikisubiri, vifunikwe kwa gunia lililoloweshwa. Wakati mwafaka ni mvua zikishaanza kukolea, ili mbingu ifanye kazi ya kumwagilia.

Tahadhari moja haina budi kutolewa. Ukoka ni rafiki uwanjani lakini ni adui shambani. Mabaki ya vipande yasitupwe kwenye bustani ya mboga wala shamba la mahindi, kwani kipande kimoja huota na kusambaa, na kuung'oa ni taabu. Mfereji mdogo wa kina cha jembe kati ya nyasi na bustani, ukikaguliwa mara kwa mara, huuzuia usivuke. Mbuzi na kuku nao wazuiwe kwa matawi ya miiba mpaka nyasi zishike vizuri.

Wapo wanaohofia nyoka, na hofu yao ina msingi. Nyoka hupenda nyasi ndefu, marundo ya kuni na mahali penye panya. Nyasi fupi hazimpi maficho. Kwa hiyo ukoka ukatwe kwa fyekeo ubaki na urefu wa sentimita 3 hadi 5, na kwa mkato mmoja isiondolewe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake. Anayezikwangua hadi udongo uonekane huzidhoofisha na kuyakaribisha magugu.

Mvua zikiisha, kiangazi kitauliza maswali yake. Ukoka ulioshika mizizi hauhitaji maji ya bomba. Majani yatakauka na kuwa rangi ya kahawia, lakini mashina yaliyo ardhini yatabaki hai na kuchipua mvua ya kwanza ikidondoka. Katika majira ambayo watu hupanga foleni ya ndoo, hakuna sababu ya kunywesha nyasi zinazojua kulala na kuamka. Maji ya kusuuzia mboga yanatosha kwa sehemu changa, mradi yasiwe na dawa ya kufulia.

Mwenye swali kuhusu udongo wa kwake amwone afisa ugani wa kata. Mtaro ulioziba utolewe taarifa mapema kwa mtendaji, kabla mvua hazijaanza. Mtaro wa barabara unaweza kuzibuliwa kila mwaka, lakini udongo uliokwisha kuondoka chini ya msingi wa nyumba hakuna anayeweza kumrudishia mwenyewe bila gharama. Jembe, gunia la samadi na vipande vya ukoka ni gharama ndogo kuliko hiyo.