Mtoto Anapoacha Usingizi wa Mchana

Leo nazungumza na kina mama, kina baba na kina kukhu, yaani nyanya, wa Kakamega mnaolea watoto wa miaka 3 hadi 5.

Mvua ya alasiri inapiga mabati, mtoto analala, nyumba inatulia. Halafu saa nne usiku bado anaruka kitandani, na wengi humgombeza. Mimi naona anaonewa. Usingizi hujikusanya kadiri mtu anavyokaa macho. Aliyeamka saa kumi na moja jioni atautoa wapi saa mbili?

Watoto wengi huacha kulala mchana wenyewe kati ya miaka 3 na 5. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, ule wa mchana ukihesabiwa humo. Kwa hivyo saa anayoikosa mchana lazima arudishiwe usiku.

Usimkatize ghafla. Alale mara tu baada ya chakula cha mchana, na umwamshe kabla ya saa tisa. Polepole punguza, hadi abaki akijinyoosha tu kwenye mkeka. Siku nyingine usingizi utamshinda, hasa anapoanza shule ya awali, PP1. Mwache alale kidogo.

Tabu kubwa kwetu, kusema kweli, ni chakula cha jioni. Ugali unasongwa saa mbili unusu, na mtoto ambaye hakulala mchana anasinzia kichwa kikianguka, tonge mkononi, mboga ya murere haijaguswa. Analala njaa katika nyumba yenye chakula! Tafadhali, mpikie mapema, ale saa kumi na mbili jioni bila kumngoja baba. Aoge, aingie ndani ya neti.

Na hapo kwenye neti, nisikilizeni vizuri. Mtoto aliyekwisha kuacha usingizi wa mchana akianza tena kusinzia, mwili una joto na hataki kucheza, msiseme ni uvivu. Malaria ingali nasi Kakamega. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe. Akiwa haamshiki vizuri, msingoje kuche. Mkimbizeni hospitali usiku huo huo.