Chui wa Theluji na Mfugaji: Nani Abebe Gharama ya Uhifadhi?



Mada hii inamhusu mnyama asiyeishi Afrika. Chui wa theluji anapatikana katika nchi 12 za Asia, kuanzia Afghanistan na Pakistan hadi Mongolia, China na Urusi. Hata hivyo, kisa chake kinamgusa kila anayeshughulika na wanyamapori wanaokula mifugo. Hoja yangu ni moja: sheria peke yake haitamwokoa mnyama huyu. Atapona pale hasara anayoileta itakapoacha kuwa mzigo wa mfugaji peke yake.

1. Hali yake kwa sasa

Chui wa theluji hukaa kwenye majabali na miteremko mikali, mara nyingi kati ya mita 3,000 na 4,500 juu ya usawa wa bahari. Ana uzito wa kilo 22 hadi 55, nyayo pana zinazomfaa kwenye theluji, na mkia wa karibu mita moja unaomsaidia asiyumbe anaporuka. Mawindo yake makuu ni kondoo na mbuzi mwitu wa milimani. Kumwona ni kazi ngumu. George Schaller, mtafiti aliyekwisha kuwachunguza simba wa Serengeti miaka ya 1960, alimpiga picha huko Chitral, Pakistan, mwaka 1970, na picha hizo ni miongoni mwa za kwanza kabisa za mnyama huyu akiwa porini.

Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilimshusha ngazi moja katika orodha ya viumbe walio hatarini, likikadiria kuwa wamebaki kati ya 2,710 na 3,386 waliofikia umri wa kuzaa. Baadhi ya wanasayansi walipinga, wakisema sehemu iliyochunguzwa ni ndogo mno. Tangu hapo hesabu zimeboreka kwa msaada wa kamera zinazotegwa milimani. Januari 2024 India ilitangaza kuwa na chui 718, na 477 kati yao wako Ladakh.

2. Vitisho

Kitisho cha kwanza ni kisasi. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2016 ilikadiria kuwa tangu 2008 waliuawa chui wa theluji kati ya 221 na 450 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao waliuawa kwa sababu ya mifugo. Tukichukua kadirio la juu, vifo vya mwaka mmoja vinapita nusu ya chui wote waliohesabiwa India. Mambo huanzia zizini. Zizi likiwa na kuta fupi na halina paa, chui huruka ndani, mifugo hutaharuki, naye huua mmoja baada ya mwingine. Mfugaji anaweza kuamka akakuta makumi ya mbuzi wamelala chini. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hatuwezi kumhubiria uhifadhi mtu aliyepoteza ada za watoto na akiba ya nyumba kwa usiku mmoja.

Kitisho cha pili ni kupungua kwa mawindo. Nchini Mongolia, uchumi wa kijamaa ulipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, mifugo iliingia mikononi mwa watu binafsi na mbuzi wakaongezeka sana kwa ajili ya manyoya ya kashmiri, yanayohitajika katika masoko ya nje. Mbuzi hao wanagombea malisho na wanyama wa porini, tena huwaambukiza magonjwa. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo madaktari wetu wa mifugo wanaijua vizuri, iliwapata wanyamapori wa Mongolia mwaka 2016 na 2017. Zaidi ya nusu ya swala aina ya saiga nchini humo walikufa, na mbuzi mwitu nao waliathirika. Mawindo yakipungua, chui atageukia zizi.

Ujangili wa ngozi na mifupa bado upo, ingawa mkataba wa CITES umepiga marufuku biashara hiyo ya kimataifa tangu 1975. Zaidi ya hayo kuna migodi na barabara zinazokata makazi yake, na joto linalopanda, ambalo linaiwezesha misitu kusogea juu kwenye maeneo ya wazi anayowindia.

3. Njia zilizozaa matunda

Ladakh, vijiji vilisaidiwa kuezeka mazizi kwa wavu wa chuma na kuweka milango imara. Baadhi ya familia pia hupokea wageni majumbani kwa malipo, kwa hiyo chui aliye hai huwaingizia kipato.

Baltistan, kaskazini mwa Pakistan, Shafqat Hussain alianzisha bima ya mifugo mwaka 1999. Wafugaji huchangia, fedha nyingine hutoka nje ya kijiji, na kamati ya wanakijiji huhakiki hasara kabla ya fidia kulipwa. Mwenye kudanganya anawadanganya majirani zake.

Mongolia, Bayarjargal Agvaantseren alishiriki kuanzisha mradi ambamo familia za wafugaji huuza bidhaa za sufu. Jamii hupata nyongeza ya malipo mwaka ukipita bila chui kuuawa, na huikosa sheria ikivunjwa. Kazi yake pia ilichangia eneo la Tost kutangazwa hifadhi mwaka 2016, na leseni zote 37 za uchimbaji madini zilizokuwa humo zikafutwa.

4. Mapendekezo

Kwanza, mazizi yaimarishwe kabla ya kuongeza doria, kwa kuwa kuzuia hasara ni nafuu kuliko kuifidia. Pili, fidia isimamiwe na kijiji na ilipwe mapema. Ikichelewa, hasira hutangulia. Tatu, chanjo ya mifugo ihesabiwe kuwa kazi ya uhifadhi. Nne, viwanda na wafanyabiashara wanaonufaika na kashmiri wachangie kuitunza milima inayowatajirisha.

Ndugu washiriki, dunia nzima inafurahia kuwapo kwa chui wa theluji, lakini bili ya chakula chake anatumiwa mfugaji maskini. Huo si uadilifu, na uhifadhi usio na uadilifu haudumu. Naomba kila mpango tutakaoupitisha, wa chui yeyote au simba yeyote, tuuulize kwanza swali hili: anayeishi na mnyama huyu anapata nini, na anapoteza nini?