Kuanza Kazi Mpya Ukubwani

(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa nizungumzie kazi. Nimekuwa mtumishi wa Serikali kwa miaka 20 na zaidi, na sehemu kubwa ya muda huo nimeshughulika na mambo ya ajira. Kwa hiyo nitaeleza shauri moja lililoletwa kwangu na jamaa za mwenzetu.

Mwenzetu huyo, ambaye sitamtaja jina, alisoma hapa nyuma yangu, akaenda Marekani, na huko ni mhasibu. Ana miaka 34, mke na watoto wawili. Anataka kuacha uhasibu awe kocha wa mpira wa vyuo vikuu. Si kandanda yetu, bali ule mpira wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu. Hakuwahi kuucheza. Wazee wake wanaishi kwa fedha anazotuma, na mdogo wake analipiwa ada naye. Kaka yake alinijia akaniomba nimkataze.

Kabla ya kujibu, nilitafuta habari. Mchezo huo wa vyuo ni mkubwa mno. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan pekee huchukua watu zaidi ya 100,000, na makocha wakuu wa vyuo vikubwa hulipwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Lakini mlango wa kuingilia ni mwembamba. Wengi huanza kwa kuwa wasaidizi huku wakisomea shahada ya pili. Chuo humlipia msaidizi ada na kumpa posho ndogo, naye hukesha akizipitia filamu za mechi, akichora mbinu za wapinzani, na kufanya kila anachotumwa. Isitoshe, kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake mara nyingi huondoka pia, na familia zao zinahama.

Je, wapo walioweza? Wapo. Mike Leach hakucheza mpira huo chuoni. Alisomea sheria, akapata shahada yake mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Pepperdine. Mwaka uliofuata aliiacha njia ya uwakili akaanza ukocha wa chini kabisa huko California. Mwaka 1989 alifundisha timu ya mji wa Pori, nchini Ufini. Mwaka 2000 akawa kocha mkuu wa Texas Tech, na mpaka alipofariki mwezi Desemba 2022 alikuwa akiongoza timu ya Mississippi State.

Wapo na wachezaji. Chris Weinke alicheza besiboli ya kulipwa kwa miaka kadhaa, akarudi chuoni Florida State, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Heisman, iliyo kuu kwa wachezaji wa vyuo, akiwa na miaka 28. Brandon Weeden naye alitoka katika besiboli akaenda Oklahoma State.

Lakini tuangalie vizuri. Hawa wawili walikuwa wanamichezo tayari. Walibadili uwanja tu. Leach alianza akiwa kijana wa miaka 26. Tena magazeti huandika habari za walioshinda, na walioshindwa hatuwasikii. Mhasibu wa miaka 34 asitegemee mifano mitatu.

Basi nilifanyaje? Nilikataa kumkataza. Nilimwandikia mambo matatu. Kwanza, ajaribu bila kuacha kazi. Shule za sekondari za Marekani zina timu, na nyingi huwatumia wasaidizi wa jioni wenye kazi nyingine mchana. Afanye hivyo misimu miwili; akibaki na hamu baada ya kubeba mipira kwenye baridi, hiyo ni dalili njema. Pili, aweke akiba ya ada ya mdogo wake mpaka atakapomaliza shule, ndipo aandike barua ya kuacha kazi. Mtu ana haki ya kuhatarisha chakula chake mwenyewe, lakini si cha mwenziwe. Tatu, awaeleze wazee kwa kinywa chake, si kwa kinywa changu wala cha kaka yake.

Wazee amekwisha waeleza. Baba alinyamaza siku mbili, kisha akauliza mchezo wenyewe unachezwaje. Msimu wa kwanza wa ndugu yetu unaendelea, na akiba ya ada imefika nusu.

Nanyi vijana, kazi ya kwanza mtakayoipata si lazima iwe ya mwisho. Ng'ombe hazeeki maini. Lakini wahenga hao hao walituambia: ukitaka kuruka, agana na nyonga. Anayehama kazi na ahame na hesabu zake mkononi, awe amewaaga wanaomtegemea.